Kukosa hamu ya tendo la ndoa hakutibiwi kwa vumbi la Kongo

Ukishuka daladala jioni pale Mbagala Rangi Tatu, Tandika au Manzese, utawakuta vijana wamepanga mihogo mibichi, vipande vya nazi na karanga mbichi. Hatua chache mbele kuna sufuria la supu ya pweza linafuka moshi, na pembeni yake mtu ana meza ndogo yenye chupa na pakiti zisizo na jina la kiwanda. Hakuna anayeuliza vitu hivyo ni vya nini. Jiji hili, ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 5,383,728, linazungumza habari za "nguvu" barabarani kwa sauti ya juu kabisa. Watu haohao wakifika mbele ya daktari wanasema kichwa kinauma, mgongo unauma, basi.

Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho ile meza haikigusi kabisa, nacho ni hamu. Wengi tunaichanganya na nguvu za kiume, na kuchanganya huko kunawagharimu watu fedha, ndoa na wakati mwingine uhai.

Nguvu za kiume ni suala la uume kusimama na kubaki umesimama. Hamu ni ile hali ya kutaka. Mtu anaweza kuwa na meno mazima yote thelathini na mawili lakini hana njaa, na mwingine ana njaa kali lakini jino linamuuma. Ukimpeleka yule asiye na njaa kwa daktari wa meno utakuwa umemsumbua bure. Vidonge vya Viagra, vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1998, kazi yake ni kuruhusu damu iingie vizuri kwenye uume pale mtu anapokuwa tayari amesisimka. Havileti hamu. Mwanaume asiyetaka akivimeza ataumwa kichwa na uso utamwaka moto, lakini kutaka kwake kutabaki palepale. Na mwanamke asiye na hamu, ambaye mji huu haujamtengea hata meza moja barabarani, anabaki kusingiziwa kwamba ana mwanaume mwingine.

Kwanza tukubaliane ni wakati gani hili linakuwa tatizo. Hakuna idadi ya mara kwa wiki iliyoandikwa popote kwamba ukishuka chini yake wewe ni mgonjwa. Wapo wanaoridhika na mara moja kwa mwezi, na wapo watu wachache ambao maisha yao yote hawajawahi kulitaka sana tendo hili na wana amani yao. Hao hawaumwi. Madaktari huanza kuliita tatizo pale hamu inapopotea au kupungua kwa miezi kadhaa, vitabu vingi husema karibu 6, na hali hiyo ikawa inamsumbua mwenyewe. Zingatia neno "mwenyewe". Kama wewe huna shida ila mwenzako ndiye analalamika, hapo kuna tofauti ya mahitaji kati ya watu wawili, na dawa yake ni mazungumzo.

Jiulize pia hamu yako imeondokaje. Imeondoka ghafla au imefifia taratibu? Huna hamu na mwenza wako tu, au hata mawazo na ndoto za namna hiyo zimekwisha? Kama hamu ipo lakini ukiwa na mwenza wako inazimika, mara nyingi chanzo kiko kwenye uhusiano au kwenye chumba chenyewe. Kama imezimika kila mahali, mwili au akili ina jambo la kusema. Si kanuni isiyokosea, ila ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuna jambo lingine ambalo likifahamika lingepunguza machozi mengi. Watafiti wa Marekani, Masters na Johnson, walipochapisha kazi yao mwaka 1966 walieleza jinsi mwili unavyosisimka na kutulia, lakini hamu hawakuipa nafasi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Helen Singer Kaplan akaiongeza kama hatua ya kwanza, kwamba mtu hutaka, kisha husisimka. Mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Vancouver, Kanada, akaandika kwamba kwa wanawake wengi walio kwenye ndoa ya muda mrefu mambo huenda kinyume. Mwanamke anaanza akiwa hana hamu yoyote, anakubali ukaribu kwa sababu anampenda mwenzake au anatamani utulivu wa kuwa pamoja, na hamu huja baadaye, baada ya maneno mazuri na mguso. Kwa hiyo mama unayesema "mimi siku hizi sianzi kutaka mpaka tuwe tumeshaanza", pengine huumwi kitu. Hivyo ndivyo miili mingi inavyofanya kazi baada ya miaka kumi ya ndoa. Lakini hamu ya namna hiyo haiji bila kuandaliwa, na mwanaume anayerudi saa nne usiku, hajasalimia vizuri, hajauliza mtoto amekula nini, akazima taa na kunyoosha mkono, hajaandaa kitu.

Makungwi wa pwani wanalijua hili muda mrefu kuliko vitabu. Wazaramo walipomcheza mwali, na hata kwenye "kitchen party" za siku hizi za Sinza na Mbezi, mwanamke hufundishwa udi, shanga, kanga na namna ya kumpokea mume. Sina ugomvi na mafundisho hayo. Ninachokiona kinapungua ni kwamba karibu yote yanahusu kumfurahisha mwenzako. Ni somo gani aliyewahi kumwambia mwali wake afanye nini siku hamu yake yeye ikipotea? Na upande wa wanaume hali ni mbaya zaidi, maana kijana anaoa akiwa amefundishwa na kijiwe na simu yake.

Sasa twende nyumbani. Chukua mfano wa baba anayeishi Chamazi na kufanya kazi Kariakoo. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi usafiri, anarudi saa tatu usiku akiwa amesimama njia nzima. Mke wake anauza vitumbua, ameshaamka kabla yake kuwasha moto. Chumba ni kimoja, pazia katikati, watoto watatu upande wa pili, na mkubwa ana miaka 11 na haachi kugeukageuka. Nyumba ya kupanga haina dari, ukikohoa wapangaji wote wanasikia. Juu ya hayo kuna mkopo wa kausha damu, na marejesho ni kila siku. Wewe ungekuwa na hamu? Mwili wa binadamu ukichoka na kuogopa, kuzaa ni jambo la mwisho unaloliwazia. Homoni za msongo wa mawazo zinapanda, usingizi unakatika, na kwa mwanaume homoni ya testosteroni, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa wakati wa usingizi, inashuka.

Hali ya namna hiyo hakuna unga utakaoibadilisha. Kinachoweza kusaidia ni vitu vidogo visivyo na jina la kitabibu. Watoto walale kwa bibi Jumamosi moja. Redio iwashwe. Mapenzi yahamishwe kutoka usiku wa manane, wakati wote mmeshakufa kwa uchovu, kwenda Jumapili mchana watoto wakiwa madrasa au kanisani. Wazazi wengi huona aibu kupanga, wanasema mapenzi ya kupangwa si mapenzi. Mbona harusi mlipanga mwaka mzima?

Msongo ukizidi unaweza kuwa sonona, na sonona ni moja ya sababu kubwa za hamu kupotea kwa jinsia zote. Dalili zake hazifichiki ukizitafuta. Kwa zaidi ya wiki mbili mtu hafurahii chochote, mpira hauangalii, chakula hakina ladha, usingizi unakata saa tisa usiku na haurudi, anajiona hana thamani, wengine wanawaza kufa. Kwa mtu huyu kupotea kwa hamu ni taa moja tu kati ya nyingi zilizozimika nyumbani. Ukimpa pweza, unamcheleweshea matibabu. Kama yupo anayewaza kujidhuru, nenda naye hospitali leo, usingoje kliniki ya wiki ijayo.

Halafu kuna mwili wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 uliwapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64 na kukuta takriban robo yao wana presha na karibu asilimia 9 wana kisukari, na wengi hawakuwa wanajua. Kisukari huchosha, huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na wanaume wengi wenye kisukari cha ukubwani hukutwa na testosteroni ya chini. Kwa mwanamke huleta fangasi za kujirudia na ukavu. Kwa hiyo inawezekana kabisa ugonjwa wa sukari ukajitambulisha kwanza chumbani kabla haujajitambulisha maabara. Mwanaume wa miaka 45 wa Temeke mwenye kitambi, anayeamka usiku mara tatu kukojoa na hamu imemwisha, kabla ya kununua chochote barabarani apime sukari. Kipimo hicho ni tone moja la damu.

Upungufu wa damu nao usiusahau. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana damu pungufu. Mwanamke anayepanda ngazi akihema, hedhi yake ni nzito na ya siku nane, tunamuuliza hamu ya nini? Tezi ya shingo isipofanya kazi vizuri, figo zikichoka, VVU visivyotibiwa, pombe ya kila siku, maumivu ya muda mrefu, vyote vinashusha hamu. Na iko sababu moja isiyo ya kawaida lakini isiyofaa kuikosa. Tezi ndogo chini ya ubongo ikiwa na uvimbe huweza kumwaga homoni ya prolaktini kupita kiasi. Ukiona hamu imepotea, maziwa yanatoka kwenye chuchu na wewe hunyonyeshi, hata kama ni mwanaume, au hedhi imekata, au unagonga vitu vya pembeni kwa sababu huvioni, nenda hospitali haraka. Mara nyingi inatibika kwa vidonge tu.

Hapa sasa ndipo penye jambo linalonisukuma kuandika makala hii. Dawa tunazowapa wagonjwa sisi wenyewe zinaweza kuondoa hamu, na mara nyingi hatuwaambii.

Baadhi ya dawa za presha, hasa za zamani kama atenololi na propranololi, vidonge vya kukojosha kama bendro, na spironolaktoni, zinajulikana kwa hilo. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini zinaweza kufanya hivyo, na kumweka mgonjwa njiapanda, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshaondoa hamu. Haloperidoli na risperidoni, zinazotumika kwa magonjwa ya akili, hupandisha ile prolaktini. Baadhi ya wanawake wanaotumia sindano au vidonge vya uzazi wa mpango huona mabadiliko pia, ingawa wengi hawaoni tofauti yoyote, na wapo ambao hamu yao huongezeka kwa sababu hofu ya mimba imeondoka.

Mgonjwa akigundua mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba tangu aanze vile vidonge kitanda kimepoa, atafanya nini? Ataviacha kimyakimya. Hatamwambia daktari kwa sababu hakuwahi kuulizwa, na hatamwambia mke kwa sababu ni aibu. Akienda kliniki ataitikia "nakunywa, daktari". Presha itapanda bila dalili. Siku moja mkono wa kulia utakataa kunyanyuka, mdomo utaenda upande, na mtaani watasema amerogwa au ametupiwa jini. Kiharusi kile kingeweza kuzuiwa kwa swali moja lililoulizwa miezi sita kabla.

Kwa hiyo msomaji, kama unashuku dawa, usiiache. Rudi uliyepewa, useme. Kwa presha, kwa mfano, zipo dawa kama losatani na amlodipini ambazo kwa kawaida hazigusi hamu, na daktari anaweza kukubadilishia kwa hatua. Dawa za sonona zinaweza kupunguzwa kipimo au kubadilishwa. Njia ya uzazi wa mpango inaweza kubadilishwa wakati wowote. Ila uamuzi huo ufanywe mkiwa wawili mezani. Anayekunywa dawa za moyo akikatisha atenololi ghafla anaweza kupata maumivu makali ya kifua na hata shambulio la moyo.

Kwa akina mama naomba niongeze mambo matatu. La kwanza ni maumivu. Hakuna mwili unaotamani kitu kinachouumiza. Kama tendo linauma, tatizo lako la kwanza si hamu, ni maumivu: fangasi, maambukizi ya nyonga, uvimbe kwenye kizazi, kovu la kujifungua, kovu la ukeketaji, au ukavu. Yatibiwe hayo kwanza, na mara nyingi hamu inarudi yenyewe. Kuvumilia kwa kung'ata meno ili mume asikasirike hufundisha mwili kuogopa kitanda, na hofu hiyo hubaki hata baada ya ugonjwa kupona.

La pili ni arobaini. Jamii yetu imeamua kwamba siku arobaini zikiisha mama yuko tayari. Mwili hausomi kalenda. Anayenyonyesha ana prolaktini nyingi na estrojeni kidogo, kwa hiyo anakuwa mkavu na hamu iko chini, na huo ni mpangilio wa kawaida kabisa wa mwili unaolea mtoto mchanga. Ongeza kuamka mara nne usiku. Baba mpya, hujaachwa na hujapoteza nafasi yako kwa mtoto. Mbebe mtoto saa mbili, mama alale. Kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa husaidia ukavu. Msitumie mafuta ya nazi au ya kujipaka kama mnatumia kondomu, maana mafuta huipasua. Na bibi mliokuja kulea mzazi, tafadhali msimtishe binti kwamba "ataibiwa mume".

La tatu ni kukoma hedhi, kwa wengi karibu na miaka 50. Ukavu unaokuja nao unatibika. Zipo krimu na vidonge vya estrojeni vya kuweka ukeni, vyenye kiasi kidogo sana cha homoni, na vilainishi. Mwanamke wa miaka 55 ambaye anataka bado ana haki ya kutibiwa, na asiambiwe "mama, wewe mjukuu unaye".

Na hili nitalisema kwa ufupi. Penye kipigo, matusi au kulazimishwa, kukosa hamu si ugonjwa. Huo ni mwili wenye akili timamu. Hapo msaada unaanzia kwa ofisi ya ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, wala si duka la dawa.

Turudi kwenye ile meza ya barabarani, maana najua kuna wanaosema daktari anawaonea wivu wafanyabiashara. Supu ya pweza ni chakula kizuri, mimi mwenyewe naipenda yenye ndimu na pilipili. Karanga na nazi ni chakula. Kuleni. Shida yangu ni vumbi la Kongo na chupa zisizo na lebo. Mamlaka ya dawa ya Marekani kwa miaka mingi imekuwa ikitangaza bidhaa za "mitishamba" za nguvu za kiume ambazo zikipimwa zinakutwa na sildenafili, ile iliyomo ndani ya Viagra, bila kutajwa kwenye pakiti. Mwenye ugonjwa wa moyo anayeweka kidonge cha naitreti chini ya ulimi akinywa kitu cha namna hiyo, presha yake inaweza kuanguka ghafla akafa. Na hajui kwamba amekunywa sildenafili, anajua amekunywa mzizi.

Tiba asili ina sheria yake tangu mwaka 2002 na ina baraza lake linalosajili waganga na dawa zao. Dawa za hospitali zinasimamiwa na TMDA. Muulize muuzaji namba ya usajili. Akianza kukusimulia habari za wateja wake walioridhika, ondoka.

Sindano za testosteroni nazo zimeanza kuzungumzwa sana na vijana wa gym. Testosteroni hupimwa asubuhi, kwa sababu mchana hushuka, na haitoshi kupima mara moja. Ikithibitika mara mbili kuwa chini na dalili zipo, daktari anaweza kuiongeza, na kwa mtu huyo inasaidia kweli. Kwa ambaye kiwango chake ni cha kawaida faida haionekani, na hasara ipo: sindano hizo huzima utengenezaji wa mbegu. Nani atamwambia kijana wa Mbezi anayetafuta mtoto wa kwanza kwamba sindano anayochomwa ili awe "dume" ndiyo inayomfanya asipate mtoto?

Wengine wanauliza, je, hakuna kidonge cha hamu yenyewe? Marekani waliruhusu kimoja mwaka 2015, flibanserini, kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi, na sindano ya bremelanotidi mwaka 2019. Faida iliyoonekana ni ndogo, na flibanserini ikikutana na pombe huweza kumwangusha mtu kwa kizunguzungu. Sijutii kwamba havijajaa kwenye maduka yetu.

Kinachofanya kazi zaidi ni kutibu chanzo, kisha wawili kujifunza upya. Masters na Johnson, mwaka 1970, walieleza zoezi ambalo washauri wa ndoa wanalitumia hadi leo. Kwa wiki chache wenza wanakubaliana kwamba tendo lenyewe halitafanyika kabisa. Wanagusana tu kwa zamu, mmoja anagusa mwingine anasema nini ni kizuri na nini si kizuri, mwanzoni bila kufika sehemu za siri. Wengi hucheka wakisikia. Lakini lile shinikizo la "lazima leo nifaulu" likiondolewa, hofu hupungua, na hamu hupata mahali pa kukaa.

Kabla ya hayo lazima mmoja aanze kuongea. Usiongelee kitandani baada ya kukataliwa, hapo kila neno linakuwa kisu. Chagueni wakati mwingine, mkitembea au mkichambua mchele. Sema kwa jina mnaloitana: "Baba Asha, sijakuchoka na sina mtu. Mwili wangu haunisikii tangu nijifungue, na mimi pia inaniuma. Twende wote hospitali." Au: "Mke wangu, tangu nianze zile dawa za presha najiona sitaki kitu. Si wewe." Hilo "si wewe" lina thamani kuliko chupa yote ya ile meza.

Nina neno pia kwa wenzangu tunaokaa upande wa pili wa meza. Kliniki zetu za presha, sukari, VVU, afya ya akili na ya mama na mtoto zinaona maelfu ya watu wazima walio kwenye ndoa. Tunapima uzito, tunapima presha, tunaandika tarehe ya kurudi. Swali "na nyumbani, hamu ya tendo la ndoa ikoje tangu uanze dawa hizi?" linachukua sekunde kumi, na naamini linapaswa kuwa kwenye kadi ya kila mgonjwa wa muda mrefu, kama ilivyo presha. Mgonjwa hawezi kulianzisha yeye, tukiwa tumemkalisha kwenye benchi moja na mgonjwa mwingine, mlango wazi na nesi anaita namba. Najua foleni zilivyo. Lakini kumtibu kiharusi kunachukua muda mrefu kuliko kufunga mlango.

Mpaka siku swali hilo litakapoandikwa kwenye kadi, itabidi ulianzishe wewe. Huna haja ya kuanzia Muhimbili. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na ikihitajika watakupa rufaa kwenda Temeke, Mwananyamala au Amana. Weka dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na zile za barabarani, hata unga, hakuna atakayekukamata. Andika kwenye karatasi hamu ilipungua lini na nini kilibadilika kipindi hicho: dawa mpya, mtoto, msiba, kazi, mkopo. Omba wapime presha, sukari na wingi wa damu, na ukiwa na dalili nilizozitaja, homoni na tezi. Kama unaona aibu kutamka, mpe daktari ile karatasi asome. Na kama aliyepo akicheka, omba kuonwa na mwingine, na wala usirudi nyumbani bila kuonwa.